Kitenge cha Wakwe

Nimechangia harusi za watu mpaka kumbi zote za Tabora mjini nazijua, pamoja na vyoo vyake. Kadi ya mchango ikiletwa kwangu sikuwahi kusema sina. Nilitoa, nikajishonea sare ya siku hiyo, nikakaa kwenye meza za nyuma na kupiga vigelegele mpaka koo likakauka, na moyoni nikawa najisemea: subirini na mimi. Nina mtoto mmoja tu, wa kiume. Siku yake ikifika, nilijiambia, nitakaa mbele, na kila mtu ukumbini atajua kwamba mama ni mimi. Sikuwa na tamaa nyingine. Mwenye watoto sita anaweza kukosa raha kwenye harusi moja akaipata kwenye nyingine. Mimi yangu ilikuwa moja, na niliilinda kama mtu anavyolinda kuni zake wakati wa masika.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mzee ambaye babu yake ndiye aliyelijenga. Wateja wananunua ndani kwake, wakitoka wananikuta mimi mlangoni na futi yangu shingoni. Kazi yangu kubwa ni sare za shule. Januari nashona mpaka vidole vinakufa ganzi, na ikifika Machi nabaki nikitazama bodaboda zinavyopita. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli, alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na tangu hapo cherehani ile ndiyo iliyokuwa baba. Ilimlisha, ikamvisha, ikamsomesha mpaka akawa mwalimu. Sijawahi kumwambia mwanangu kwamba leo hakuna. Kukiwa hakuna, nilisema sisikii njaa, au nimekula kwa jirani. Watu wa aina yangu tunakufa na tai shingoni, na sioni haya kusema hivyo.

Serikali ikampanga Ulyankulu. Nilidhani atafundisha huko mwaka mmoja miwili, kisha aombe uhamisho arudi mjini. Badala yake akapata mchumba, muuguzi wa zahanati, mtoto wa wakulima wa tumbaku ambao wazee wao walikuja kutoka Burundi zamani. Ni Wakatoliki kama sisi, ila wao wanasali kwelikweli, si wa Krismasi na Pasaka. Binti mwenyewe sikuwa na neno naye. Ni mpole, mchapakazi, na akinisalimia anapiga goti mpaka chini. Aliyenishinda alikuwa mama yake.

Alikuja kwangu mara ya kwanza baada ya posa kujibiwa. Alileta ndoo ya asali, mfuko wa karanga na jogoo, akaviweka mlangoni bila kuvitaja, kama vile alikuwa amepitia tu. Ni mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mikono mikubwa ya jembe, na maneno yake ni machache. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilipoleta chai, mwanangu aliinuka, akaiondoa sukari mbele ya mgeni, akafungua ndoo na kumkorogea asali kwenye kikombe.

"Mama hatumii sukari," akaniambia.

Mama. Alilisema neno hilo ndani ya nyumba yangu, mgeni ameketi kwenye kiti nilichokinunua mimi. Najua mkwe huitwa mama. Hata mimi nilimwita hivyo mama wa marehemu mume wangu mpaka tukamzika. Lakini chai yangu mimi naipenda ichemke mpaka majani yaive, na mtoto huyo huyo hadi leo ananiletea chai ya rangi ya maji ya mtoni. Ya kwangu hakuwahi kuishika kichwani, na ya mwanamke aliyemfahamu juzi alikuwa ameshaikariri. Nilikunywa kikombe changu chote nikitazama ukuta. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Mimi sikukonda, ila tangu siku ile kila kilichotoka Ulyankulu kilinikwama kooni.

Harusi nilikuwa nimeipanga kichwani tangu mtoto akiwa sekondari. Ukumbi mkubwa wa mjini, keki ya ghorofa, matarumbeta yakitangulia kuzunguka soko na stesheni, gari la maharusi nyuma yake, na mimi kwenye gari la pili nikipunga mkono. Nilikuwa hata nimeshaongea na mtu wa kunikopesha, rehani ikiwa cherehani. Hilo la rehani sikumwambia mtu yeyote.

Mwanangu akaja Jumamosi moja, akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza kuchezea vipande vya vitambaa chini ya meza yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mama, harusi tutaifanya ndogo," akasema. "Sendofu ya kumuaga binti na harusi siku moja, kule kule parokiani. Bila ukumbi."

"Nani kasema?"

"Wakwe ndivyo wanavyotaka."

"Wanavyotaka, au ndivyo walivyo? Waambie mama yako yupo. Kama wao hawana, mimi ninazo."

"Najua, Mama," akajibu haraka. "Ila wao ndivyo wanavyotaka."

Nikakanyaga pedali. Nilishona pindo zima bila kuona ninachoshona, ikabidi nilifumue baadaye. Kwa hiyo yule mwanamke hakutosheka na kuitwa mama. Sasa alikuwa ameibeba na siku yangu, ameipeleka kwake, tena anataka kuifanya kwa bei ya karanga. Nilimtangaza ubahili mtaa mzima. Wifi yangu wa Lusu, dada wa marehemu, alipokuja mjini kwa ajili ya vikao vya kamati, nilimpokea na habari hiyo kabla hajatua mzigo. Niliwaambia wauza nyanya. Nilimwambia hata Mhindi wangu: watu wana mashamba ya tumbaku, wana mizinga ya nyuki porini, na mtoto wao wanamwoza kama wanaopunguza vitu stoo.

"Kila mtu na hesabu yake, fundi," akasema mzee, akaendelea kukunja vitambaa.

Haukupita muda mkwe mwenyewe akaja dukani. Alikuwa na utaratibu wake, na kila sehemu ya utaratibu huo ilinikera kwa sababu ilikuwa na akili. Kadi za mwaliko hatuchapishi, alisema. Kila upande uchague kitambaa chake, kila mwalikwa anunue na kushona, na nguo ndiyo iwe kadi. Aliyevaa hataulizwa kitu mlangoni, na wapokea wageni wakimwona tu watajua wamketishe upande gani. Kadi ya karatasi hutupwa kesho yake, lakini nguo inabaki kuwa ya mtu. Nilitafuta tundu kwenye maneno hayo ili nipitishe uzi wangu, sikuliona.

Akaingia ndani kuchagua. Mimi nilibaki barazani, ila mguu niliuondoa kwenye pedali ili nisikie vizuri. Nilitegemea atapigwa bei, maana jogoo la shamba haliwiki mjini. Alipitisha mkono kwenye majora yote ya vitenge bila kuongea. Akavuta moja kutoka chini kabisa ya rundo, akalowesha kidole kwa mate, akasugua kona kuona kama rangi inatoka, kisha akalikunjua kwenye mwanga wa mlango, mbele ya macho yangu. Kilikuwa kitenge cha kahawia iliyoiva, chenye maua madogo mekundu na pindo la kijani. Mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba enzi za misafara watu wa ukoo wetu walibeba pembe hadi pwani na kulipwa kwa nguo, kwa hiyo Mnyamwezi hafundishwi nguo. Jora lile lilikuwa limelala pale nyuma ya mgongo wangu, nami sikuwahi kuliona.

Alinunua jora zima, na Mhindi akampunguzia bila kuombwa mara ya pili. Alipoondoka, mzee akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama karibu nami akimtazama anavyoishia barabarani.

"Mkwe wako anajua kununua," akasema.

Mzee yule ananifahamu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Katika miaka hiyo yote, sifa pekee niliyoisikia kutoka kwake ilikuwa ya matundu ya vifungo.

Kitambaa cha upande wetu nilitakiwa kukichagua mimi. Nilitaka lesi ya dhahabu. Kikao kilikaa sebuleni kwangu, sampuli ikapita mkono kwa mkono, na wifi yangu akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Wifi, sisi Lusu tunavuna alizeti," akasema. "Dhahabu hatujaanza kuvuna."

Wakacheka wote, nikacheka nao kwa meno ya nje. Mwisho walipitisha kitambaa cha bluu, kisicho na ua wala mstari, kwa sababu ni rahisi na hakioneshi uchafu. Bluu ile naijua vizuri. Ndiyo ninayoshonea sketi za shule ya msingi. Nikashona magauni ya ukoo mzima, na kila nililomaliza nililiona kama linasubiri kubandikwa nembo ya shule kifuani.

Dukani lilikuwa limebaki jora jingine la kitenge kile cha wakwe. Nililipita kila asubuhi nikienda kuchukua nyuzi. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikamwambia mzee anikatie cha gauni moja, cha mteja. Akapima, akakata, akanitazama juu ya miwani yake, kisha akaniongezea kipande bila kukitoza. Nililishona gauni lile taratibu, wakati wateja hawapo. Nililipa mikono mipana na shingo ya mraba, na ubavuni nikayakutanisha maua mpaka mshono usionekane. Gauni zuri kuliko lile halijawahi kutoka kwenye cherehani yangu. Nilijiambia nitalivaa siku nyingine, labda Pasaka. Lakini tulipofungasha kwenda Ulyankulu, gauni nalo lilikuwamo kwenye begi.

Tulifika kwa basi dogo la kukodi, sote bluu tupu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilishuka nikiwa nimejiandaa kuona aibu ya watu wengine. Nilitaka niione kwa macho yangu, niwaoneshe wenzangu, tupate cha kuzungumza njiani wakati wa kurudi.

Sikuiona. Mkwe alikuwa ameiweka harusi siku chache baada ya sikukuu ya parokia, kwa hiyo maturubai na viti vya sikukuu vilikuwa bado vimesimama, naye aliviomba tu visifunguliwe. Kwaya ilikuwa inaimba bure kwa sababu bibi harusi ni mwanakwaya wao. Na mapambo, hapo ndipo aliponimaliza. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, wakati miombo inapochipua majani mekundu. Majani hayo kila mtu wa Tabora anayaona kila mwaka, na anayapita akienda kwenye shughuli zake. Yeye aliwatuma watu porini alfajiri wakakata matawi, akavisha kila nguzo ya turubai kuanzia chini hadi juu, mengine akayatia kwenye vibuyu katikati ya meza. Watu wake walipojaa pale na vitenge vyao, nguo na majani vikawa kitu kimoja. Kumbe siku ile dukani alikuwa anachagua kitambaa huku anauona msitu wa Oktoba kichwani. Sisi wa bluu tulipita katikati yao kuelekea kanisani kama shule iliyoletwa kwenye ziara.

Nikaanza kutafuta kasoro kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa kuinama na kupapasa. Misa ilikuwa nzuri. Padre hakuchelewa, na mahubiri hayakuwa marefu. Mwanangu alivaa suti niliyomshonea mimi, imemkaa mabegani kama amezaliwa nayo, na hiyo ilikuwa raha yangu pekee kanisani. Kisha akageuka, nikaona alichobandika kifuani badala ya ua: jani jekundu la porini. Hata kwenye suti yangu mwanamke yule alikuwa ameingia.

Baada ya misa watu walielekea kwenye maturubai, na sisi wanawake tuliotoka safari tukapewa chumba kwenye nyumba ya masista ili tujifute vumbi. Nikamwambia wifi yangu atangulie na wengine. Nilipobaki peke yangu nikalitoa gauni la kitenge, nikalivaa, nikafunga na kilemba chake. Sababu niliyojipa ni kwamba lile la bluu lilikuwa limelowa jasho. Sababu yenyewe ni kwamba siku yangu ilikuwa moja, na sikukubali kuimaliza nikiwa mwanafunzi wa darasa la nne. Ule utaratibu wa nguo na upande wa kukaa haukunijia kichwani hata kidogo. Mimi ni mama wa bwana harusi, nani angenipangia kiti?

Pamoja na hayo ningefika salama kama ningepita njia waliyopita wenzangu. Lakini nilipitia jikoni, nyuma ya kanisa, kwa sababu chakula kilikuwa tumaini langu la mwisho. Nikafunua sufuria moja baada ya nyingine. Wali haukuungua. Ndizi zilikuwa na nyama ya mbuzi ya kutosha. Keki ilikuwa ya asali, imeokwa kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na ilikuwa imeumuka vizuri kuliko keki zote za ghorofa nilizowahi kuchangia. Nikafunika, nikaondoka nimenuna.

Kwa kuwa nilitokea jikoni, niliingia kwenye maturubai kwa mlango wa pembeni. Binti wa mapokezi akanipigia goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Karibu mama, upande wenu ni huku," akasema, akanishika mkono kwa adabu zote na kunipeleka kwenye meza za vitenge.

Nilitaka kumrekebisha. Ningesemaje? Kwamba mimi ndiye mama wa bwana harusi, na sare ya wakwe nimeivaa kwa sababu ni nzuri kuliko yetu? Ng'ambo ya uwanja niliwaona wangu wa bluu wameshakaa, na kiti kimoja kitupu mbele kabisa, karibu na meza ya maharusi. Nikajisemea kwamba nitajishikiza hapa kidogo, ngoma ikianza kuchezwa nivuke katikati ya vurugu. Nikakaa.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, mnene, mchangamfu. Alijitambulisha mwenyewe: shangazi wa bibi harusi, dada wa baba yake, ametoka Usinge siku ile ile kwa pikipiki na misa imempita.

"Wewe ni wa upande wa baba au wa mama, dada?" akaniuliza. "Sikukumbuki."

"Wa mama," nikasema.

"Ndiyo maana. Ninyi mko wengi." Akanisogezea soda.

Maharusi wakaingia. Nilitegemea meza za vitenge zitamshangilia binti yao. Zilimshangilia, lakini zilimshangilia na mwanangu vile vile, kwa jina lake la utotoni, lile ambalo nilidhani linajulikana mtaani kwetu tu. Wazee walisimama kumpa mkono. Bibi mmoja alimvuta shingo akambusu paji la uso, naye akainama akamwekea sawa khanga yake mabegani, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

"Huyu kijana wetu huyu," akasema shangazi. "Wakati wa tumbaku akitoka shule anakuja shambani, anakaa na wanawake kufunga majani kwenye vijiti. Anafunga haraka kutushinda. Anasema mikono ni ya mama yake, fundi wa nguo huko mjini."

Kwa dakika moja nilipata hewa. Nilimtazama mwanangu na mikono yake.

"Na huyo mama yake ndiye aliyetunyima ng'ombe leo," shangazi akaendelea.

"Alifanyaje?"

"Wewe wa upande wa mama hulijui hilo?"

"Nilisikia nusu nusu."

Akasogeza kiti, akainamisha kichwa kwangu. "Sisi tulikuwa tumejipanga, dada. Tumbaku ilikubali. Kaka yangu alitenga ng'ombe, na mimi nikanenepesha dume kwa ajili ya sendofu. Niliposikia imekuwa siku moja, ya mbuzi na majani ya porini, nilikuja kugombana. Nikamwuliza wifi yangu, mama wa binti, mtoto wetu tunamwoza kwa siri? Ndipo akanikalisha akaniambia. Kijana alikuja peke yake, akakaa naye jikoni. Akasema, mama yangu hana. Anashona sare za shule, ana Januari tu, miezi mingine anajikaza. Lakini hatasema hana, hajawahi kusema. Ninyi mkifanya kubwa, atataka naye afanye kubwa, na ataiweka rehani cherehani yake. Naombeni mfanye ndogo, na mseme ni ninyi mliotaka."

Chupa ya soda nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

"Na yeye akakubali?" nikauliza.

"Wifi yangu? Akakubali pale pale. Akasema kuitwa bahili hakutoboi mwili. Na nasikia kaitwa kweli, huko Tabora kasemwa mpaka kwa wauza nyanya." Akacheka, bila ubaya wowote, akaniwekea mkono gotini. "Ila yaishie hapa hapa. Mama wa kijana asije akajua."

Najua msomaji angependa niseme kwamba nilijuta. Sikupata nafasi ya kujuta. Nilishikwa na wivu ambao ule wa chai na asali, nikiulinganisha, ulikuwa mchezo wa watoto. Hata wema wa mwanamke yule niliuonea wivu, kwa sababu mtu hamfanyii mama mgeni wema kama ule. Anamfanyia mwanawe. Na mwanangu, mwanangu alijua. Tangu lini? Alikuwa darasa la ngapi alipoanza kunitazama nikisema sisikii njaa na kunyamaza?

Mshereheshaji akagonga kipaza sauti. Alikuwa kijana wa parokia, mwenye maneno mengi.

"Sasa naomba mama mzazi wa bwana harusi asimame, aje mbele alishwe keki."

Watu wote waligeuka kutazama upande wa bluu. Wifi yangu alisimama, akatazama kile kiti kitupu, akatazama nyuma, akafungua viganja kuonesha hajui nilipo. Pale kwenye meza ya maharusi mwanangu naye alikuwa amenyanyuka, macho yanapita meza hadi meza.

"Yuko wapi huyo mama?" shangazi akaninong'oneza, akinyoosha shingo. "Nataka nimwone."

Nikasimama.

Mkono wake uliokuwa gotini kwangu uliteleza ukabaki hewani. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitoka katikati ya viti, na kila niliyempita alinyamaza, mpaka nikafika kwenye uwanja wazi nikiwa peke yangu, na gauni langu la kitenge, kimya kimetanda turubai zima. Mshereheshaji akalitazama gauni, akatazama meza za bluu, akatazama nilikotokea. Ukimya na washereheshaji havikai nyumba moja.

"Ndugu zangu, mmeona mambo haya?" akasema. "Mama ameiacha nguo ya kwao, amevaa ya wakwe, na amekaa na wakwe! Anatuambia leo hakuna upande!"

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wa vitenge wakavua khanga mabegani, wakakimbia kunitandikia chini nipite juu yake. Wazee walipiga makofi. Upande wa bluu nao ukasimama, wifi yangu akiwa mbele, anapiga makofi huku amenikazia macho ambayo yalisema tutaonana kwenye basi. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakujua kwamba mama ni mimi. Nilichokisubiri kwenye meza za nyuma miaka yote kilinijia chote kwa pamoja, juu ya uongo, nami nikakanyaga khanga za watu nikasonga mbele.

Mama wa bibi harusi alinijia katikati ya njia kunipokea, kama desturi ilivyo. Akanishika mkono. Macho yake yalishuka ubavuni mwangu, pale maua yalipokutana, yakakaa hapo kidogo. Yeye alijua jora lile limetoka wapi na mshono ule ni wa nani, na huenda alijua na sababu.

"Limekukaa vizuri, mkwe," akasema taratibu.

Hapakuwa na kejeli ndani yake. Ingekuwapo ningepata pa kushika.

Akanifikisha mezani. Mwanangu alikuwa ameshikilia kipande cha keki kwenye uma, mkono mwingine umekinga chini makombo yasidondokee suti. Akainama karibu.

"Nilikuwa nakutafuta, Mama," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Nikamtazama usoni nitafute ni wapi alikokuwa ameficha jambo lile. Ulikuwa uso ule ule. Nilitaka nimwulize kwa nini hakuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja na kuniambia. Lakini jibu nilikuwa nalo. Angekuja, ningemfokea mbele ya wapita njia kwamba mimi ninazo, na kesho yake ningekwenda kwa mkopeshaji na cherehani kichwani. Yeye alilijua hilo tangu zamani. Nyuma ya bega lake, mama yule alikuwa amesimama na leso mkononi, ananisubiri nilishwe ili anifute mdomo. Maisha yangu yote nimehangaika mwanangu asijue kwamba sina. Alijua, akabeba, na siku mzigo ulipomzidi alihitaji mama wa kumwambia, akaenda kumtafuta.

Nikafungua mdomo, akanilisha.